Bi Kadi na Vizibo Vitatu Vyeusi

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu wa sita, saa tisa na nusu alasiri, Mwalimu wa Nadharia ya Lugha Rasmi katika Idara ya Hisabati na Kompyuta atafunga kabati lake la chuma, atanikabidhi funguo mbili, kisha ataenda zake nyumbani. Atakuwa amekitumikia chuo hiki miaka thelathini na minne na miezi mitano. Katika muda huo wakuu wa idara wamepita saba, paa limevuja mara nne na mashine ya fotokopi imebadilishwa mara tatu. Yeye hakubadilishwa, wala hakuvuja.

Wengi tunamwita Bi Kadi. Jina lake la kwenye faili analijua karani wa utumishi peke yake, na karani huyo naye yuko likizo.

Mkuu wa Idara aliniagiza niandike ukurasa mmoja, kwa Kiswahili safi, bila utani. Kiswahili nimejitahidi. Mtajiuliza kwa nini kazi hii kapewa mtunza funguo aliyeishia darasa la sita, ambaye hata yeye angekuwa ameshastaafu kama faili lake lisingepotea likiwa na mwaka wake wa kuzaliwa ndani. Jibu ni kwamba walimu wote walidai wana mitihani ya kusahihisha. Ukweli ni kwamba kila mmoja wao amewahi kusahihishwa na Bi Kadi mbele za watu, na hakuna anayetaka kumwandikia kitu ambacho anaweza kukisoma. Mimi kusahihishwa nimezoea. Nina mke.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yake, maana humu ukumbini wapo ndugu na majirani waliokuja kwa ajili ya soda. Bi Kadi anafundisha sarufi, lakini si ile ya nomino na vitenzi iliyotutesa utotoni. Yake ni sarufi ya alama. Unaanza na alama moja, unapewa kanuni za kuibadilisha, unabadilisha na kubadilisha mpaka kila alama ikomae na isibadilike tena. Mfululizo unaobaki mezani unaitwa neno, hata kama halina maana popote duniani. Maneno yote yanayoweza kutoka kwenye kanuni hizo, ukiyakusanya, ndiyo lugha. Na swali lililomtia Bi Kadi mvi ni hili: ukizibana kanuni hizo, ukazipa masharti ya lini zitumike na ipi iandamane na ipi, zitazalisha nini ambacho zikiwa huru haziwezi?

Mtu mwenye akili ya kawaida, kama mimi na mkuu wetu, atasema ukimbana mtu atafanya machache zaidi. Bi Kadi alinitoa ujinga huo mwaka wake wa pili kazini, siku niliyokwenda kumdai ufunguo wa stoo. Alikuwa amekata karatasi za manila zikawa kadi, kila kadi na kanuni yake. Alitaka maneno yenye a, b na c kwa idadi sawa: abc, aabbcc, aaabbbccc, na kuendelea. Kadi zikiwa huru, kila moja ikitumika inapojisikia, haiwezekani. Ukizilinganisha a na b, c inakimbia kivyake. Ukiikamata c, b inatoroka. Basi akachukua kadi mbili, moja ya kuongeza a na b, nyingine ya kuongeza c, akazifunga pamoja kwa mpira ule wa kufungia makaratasi. Sharti likawa kwamba ukitumia moja utumie na mwenzake, papo hapo. Hesabu ikakaa sawa na haikuyumba tena. Kadi zilikuwa zile zile. Hakuongeza hata moja, alizifunga tu. Niliondoka bila ufunguo wa stoo.

Tangu hapo jina la Bi Kadi likamganda, na kila mpira uliopotea ofisini ulijulikana uko wapi.

Sasa, kazi ya namna hii ina mtego wake. Kuonyesha kwamba kadi zinatoa maneno unayoyataka ni rahisi. Tabu ni kuhakikisha hazitoi yale usiyoyataka. Mwanzoni Bi Kadi aliwapa walimu wenzake wachezee kadi zake, na kila mara yalitoka majibu sahihi. Mwaka wa tatu, dereva wa chuo aliyekuwa akisubiri saini akaombwa acheze ili asisinzie. Baada ya dakika kumi alikuwa ametoa neno la ajabu lisilofanana na lolote lililotakiwa, na kanuni hakuvunja. Bi Kadi akagundua tatizo liko wapi. Wasomi walikuwa wanazisaidia kadi bila kujijua. Kwa kuwa walijua jibu linalotakiwa, waliokota kadi itakayowafikisha huko. Dereva hakujua wala hakujali.

Kuanzia siku hiyo akajiwekea utaratibu, na nadhani katika vyuo vyote ni yeye peke yake aliyekuwa nao. Hakuna sarufi iliyotoka chumbani kwake kabla ya kuchezwa na mtu asiyejua inatafuta nini. Wamecheza walinzi, wamecheza mafundi bomba, amecheza mgeni aliyekuja kuuza vitabu akaondoka amesahau kuviuza. Alama aliziweka kwa vizibo vya soda: vyekundu vilipakwa rangi ya kucha ya binti yake, vyeupe vilipakwa wino wa kufutia makosa, vyeusi vilipakwa dawa ya viatu. Cheusi maana yake kimekomaa, usikiguse tena.

Mwaka wa nane akaandika kazi iliyompa jina. Alitaka vizibo vinavyojizidisha maradufu: kimoja, viwili, vinne, vinane, kumi na sita, na kuendelea hivyo hivyo. Visitokee vitatu, visitokee sita. Makala yenyewe ilikuwa na kadi thelathini na nane, ila mchezo wake kwa ufupi ulikuwa hivi. Unaanza na kizibo kimoja chekundu. Zamu ya kwanza, kila chekundu unakitoa na kuweka vyeupe viwili. Zamu ya pili, kila cheupe unakigeuza kuwa chekundu. Unarudi zamu ya kwanza, unaendelea, mpaka uchoke. Ukichoka mwanzoni mwa zamu ya kwanza, unavipaka vyote vyeusi na kuhesabu. Kila kadi ya kugeuza kizibo ilifungwa mpira na kadi inayoonyesha zamu yake, ili zisichanganyike, na ilikuwepo kadi ya kupitisha zamu. Akatangaza kwamba mipira inatosha: kwa kufunga kadi tu, bila kuongeza sharti la aina nyingine, idadi itajizidisha yenyewe.

Na mchezaji wake wa majaribio? Alimchukua mume wake. Ni fundi saa, mtu mpole, hakujua hata kidogo mchezo unatafuta nini. Alicheza jioni kumi na nne mfululizo kwenye meza ya chakula, akapata viwili, vinne, vinane, na siku moja ya mapumziko akafika sitini na vinne. Hakukosea hata mara moja. Jarida la huko nje likachapisha. Matokeo hayo yakaingia kwenye vitini vya idara, na kwa miaka minne wanafunzi walitahiniwa kwayo.

Mwaka wake wa kumi na mbili kazini, kamati ya vyeo ikapanga kukaa Alhamisi ili kumfanya profesa kwa kazi ile. Hapa lazima nieleze profesa alikuwa anapata nini, maana heshima haina mahali pa kukaa. Alikuwa anapata chumba namba kumi na nne, mwisho wa korido, chenye madirisha mawili na mlango unaojifunga. Mpaka wakati huo Bi Kadi alikaa chumba kimoja na mashine ya fotokopi, chumba kisicho na dirisha hata moja, akifundisha watu wazima nadharia huku karani akitoa nakala za fomu za likizo mgongoni kwake.

Mama mkwe wake, bibi mmoja mfupi mwenye sauti ya mwenye nyumba, alikuwa ameshautangazia mtaa mzima kwamba mkwewe ni profesa. Jumatatu ya wiki ile alikuja chuoni kimya kimya akaniomba nimfungulie namba kumi na nne apime madirisha. Nikamfungulia. Najua nilivunja utaratibu, karibuni mnishtaki. Jumanne asubuhi mapazia yalikuwa yameshonwa, ya kijani, yenye pindo.

Jumanne hiyo hiyo, mchana, Bi Kadi alikuwa kantini akipanga vizibo vyake mezani. Alikuwa anajiandaa kuionyesha kamati mchezo wenyewe, akataka mtu mmoja zaidi aucheze mbele yake ajue utachukua dakika ngapi. Mpishi wa kantini ndiye aliyekuwa karibu. Mama mnene, mcheshi, mwenye jicho moja kwenye kazi na jingine kwa watu. Akafuta mikono, akakaa, akaelezwa kadi. Kimoja chekundu, vyeupe viwili. Vyeupe viwili, vyekundu viwili. Kwenye zamu ya kwanza tena akageuza chekundu kimoja kikawa vyeupe viwili, na hapo hapo maji ya chai yakafurika jikoni. Akakimbia. Aliporudi alikaa, akatazama meza, akachukua kadi ya kupitisha zamu, akaendelea na ya pili. Vyeupe viwili vikawa vyekundu, na kile chekundu alichokiacha kikabaki hapo kilipo. Akarudisha zamu ya kwanza, akasema amechoka, akavipaka vyote dawa ya viatu.

Vilikuwa vitatu.

Nilikuwepo, nakunywa chai ile iliyofurika. Bi Kadi alivitazama vizibo vile kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kuhesabu mpaka tatu. Kisha akamuuliza mpishi, kwa upole, mbona aliacha kimoja bila kukigeuza.

"Kwani kuna kadi iliyonikataza, Mwalimu?" mpishi akasema.

Bi Kadi akazipitia kadi, moja moja. Akazifungua mipira, akazipitia tena. Hakukuwa na kadi iliyomkataza. Kadi zilisema ukikuta chekundu unaweza kukigeuza. Hakuna iliyosema usivuke zamu ya pili ikiwa kimebaki chekundu hata kimoja. Mpira unajua kuzifunga kadi pamoja, lakini haujui kuchungulia mezani na kusema kitu fulani bado kipo. Mume wake alivimaliza vyote kila mara kwa sababu ni fundi saa, na fundi saa akiacha skrubu moja mezani hapati usingizi. Bi Kadi alikuwa ametafuta mtu asiyejua jibu, akampata, ila hakufikiria kutafuta mtu anayeweza kuacha kazi nusu.

Mpishi alidhani ameharibu kitu. Akaomba radhi, akajitolea kurudia mchezo vizuri. Bi Kadi akamwambia hapana, amecheza vizuri kuliko watu wote, akavifunga vile vitatu kwenye leso, akaiacha chai yake bila kuinywa.

Nisieleweke vibaya. Asingesema neno, hakuna ambaye angejua. Makala ilikuwa imesomwa na wataalamu wa ng'ambo na kupitishwa. Kamati ilikuwa na watu saba ambao wawili tu walijua anafundisha nini. Mpishi alisharudi kwenye sufuria zake, na mimi nani angeniuliza? Kilichokuwepo kilikuwa vizibo vitatu ndani ya leso, na siku mbili.

Mkuu wa idara wa wakati ule, mtu mwema aliyependa mambo yaende bila kelele, alimshauri vizuri tu. Nilikuwa nabadilisha kitasa cha mlango wake, na kitasa kile kilikuwa kigumu sana, nikachukua muda. Alimwambia kila mtafiti hukosea. Alhamisi kamati ikae, apewe cheo chake, chumba kipo tayari, kisha Ijumaa ataandika masahihisho kwa jarida kama watu wengine. Siku moja tu. Hakuna anayeumia.

"Ijumaa nitasahihisha," Bi Kadi akasema, "lakini Alhamisi mtakuwa mmenifanya profesa wa kitu ambacho hakipo."

Mkuu akamwambia afikirie watoto wake. Akasema anao mmoja, na huyo mmoja ndiye anayempakia vizibo rangi.

Alhamisi aliingia kwenye kamati na kadi zake kama ilivyopangwa. Niliwapelekea maji ya kunywa, na maji yale pia niliyamimina polepole. Alimwomba mwenyekiti acheze mwenyewe. Mwenyekiti, mzee wa tai na kalamu tatu mfukoni, akacheza kwa nidhamu akapata vinne, akatabasamu, wajumbe wakapiga makofi. Bi Kadi akasubiri makofi yaishe. Akamwomba arudie, ila safari hii aache chekundu kimoja. Mwenyekiti akauliza ni mtu gani atafanya hivyo. Bi Kadi akajibu kwamba mtu yeyote mwenye jiko. Mzee akaacha kimoja, akavuka zamu, akamalizia, akahesabu. Akahesabu tena kwa kidole. Basi Bi Kadi akawaambia kwamba kazi iliyo mbele yao si kweli, na anaomba jina lake litolewe kwenye orodha ya siku hiyo. Akakusanya vizibo. Kikao kilikwisha saa nne na robo, hata biskuti hazikuguswa. Nilizigusa mimi.

Chumba namba kumi na nne akapewa mtu mwingine. Mama mkwe alipopata habari alikaa kimya siku mbili, jambo ambalo mtaani lilizua wasiwasi. Siku ya tatu akaja chuoni na mapazia, nyundo na misumari, akayatundika kwenye chumba cha fotokopi, ukutani, juu ya tofali tupu. Yapo mpaka leo. Kila mgeni anayesikia joto humo huyavuta afungue dirisha, anakutana na tofali. Bibi yule, mpaka siku anazikwa, aliendelea kumwita mkwewe Profesa, na ukijaribu kumsahihisha alikuuliza wewe una mapazia mangapi.

Masahihisho Bi Kadi aliyatuma wiki ile ile. Ndani yake aliandika kwamba kosa limegunduliwa na mpishi wa kantini. Jarida likaandika barua kuuliza huyo mpishi ana cheo gani na yuko taasisi gani. Akajibu: mpishi, kantini. Wakachapisha hivyo hivyo, na mwaka uliofuata mpishi akapokea mwaliko wa mkutano wa wanazuoni ukimwita Daktari. Ameutia fremu. Uko juu ya jiko, umefunikwa na masizi, lakini ukisogea karibu unasomeka.

Kisha Bi Kadi akawageukia wanafunzi. Kwa miaka minne alikuwa amewafundisha watu mia mbili na kumi na wawili jambo lisilo kweli, na hilo ndilo lililomsumbua kuliko cheo. Alitafuta anwani zao, akapata mia moja themanini na saba, akamwandikia kila mmoja kadi ya posta. Nilizipeleka posta kwa vikapu vitatu. Majibu yalikuja machache. Mmoja, aliyekwisha kuwa karani wa benki, aliandika kwamba asisumbuke, kwa kuwa yeye hakuelewa hata wakati ilipokuwa kweli.

Pia alifukua makaratasi ya mitihani ya miaka ile. Akakuta mwanafunzi mmoja, kwenye swali lililomtaka aonyeshe jinsi mipira ya kadi zile inavyotosha, aliandika neno moja: haiwezekani. Alipewa sifuri, akafeli somo kwa alama mbili. Bi Kadi akamfungulia faili upya, akampa alama mbili, akaandika pembeni: jibu sahihi, sababu hakuna. Kwa alama mbili hizo kijana akafaulu, akaendelea, akasoma mpaka huko mbele, na leo ndiye Mkuu wetu wa Idara. Ameshaniomba mara tatu niifute aya hii. Anakiri mwenyewe kwamba aliandika haiwezekani kwa sababu hakuwa amesoma.

Baada ya hapo utaratibu wa majaribio ulibadilika. Kila sarufi ilichezwa na watu watatu: nadhifu, mvivu na mkorofi. Nadhifu alibaki fundi saa. Mkorofi sitamtaja, mtamkuta mlangoni na funguo. Na kwa nafasi ya mvivu, wakuu wa idara watano wamekitumikia chuo kwa kupokezana bila kujulishwa.

Miaka kumi na moja aliitumia kutafuta uthibitisho wa kinyume cha alichosema: kwamba hata ufunge kadi ngapi, kwa mipira ya namna gani, vizibo vya kujizidisha havitatoka vyenyewe bila kadi ya kukataza. Alithibitisha vipande, kimoja kimoja, vikawa makala tano. Kisha siku moja likaja jarida kwenye kisanduku chake cha barua, na ndani yake watu wengine wa mbali walikuwa wameumaliza uthibitisho wote, kwa njia ambayo yeye hakuwahi kuipita. Aliusoma akiwa amesimama koridoni mpaka kengele ya kipindi ikagonga. Nilisogea nikidhani nitamkuta analia, nikamkuta anapiga mistari chini ya maneno. Aliniambia ni kazi nzuri sana. Jumatatu yake akaifundisha darasani, akawaandikia waliouandika kuwapongeza, na mwishoni mwa barua akawaonyesha mahali panapoweza kufupishwa.

Na ile kadi ya kukataza? Ukiiongeza hiyo, inayosema usivuke ikiwa kitu fulani bado kipo, vizibo vinajizidisha bila kukosea hata mpishi akimbie mara mia. Na si hivyo tu: kwa mipira na kadi za kukataza, Bi Kadi anasema, utazalisha chochote ambacho mashine yoyote ya hesabu inaweza kukizalisha. Kanuni zilizofungwa zinaweza zaidi ya zilizo huru, na zilizokatazwa zinaweza zaidi ya hizo. Mke wangu alinieleza jambo hilo hilo mwaka wa kwanza wa ndoa, bila vizibo.

Ametufundishia, kwa hesabu ya daftari la mahudhurio, wanafunzi elfu mbili na mia tatu na ushee. Kumi na wawili kati yao ni walimu wa vyuo. Hakuchelewa kipindi ila mara moja, paa lilipovuja, na siku hiyo alifundisha akiwa ameshika mwavuli.

Sasa la mwisho. Mwezi wa tatu mwaka huu Baraza la Chuo lilimwandikia kumtunuku uprofesa wa heshima siku ya kuagwa. Sote tulifurahi, Mkuu alikimbia koridoni, nilishuhudia. Bi Kadi akasoma barua mpaka kiambatisho. Kwenye nafasi ya kazi inayotunukiwa palikuwa na makala ile ya vizibo, ile ya uongo. Mfumo wa ofisi huokota wenyewe kazi iliyonukuliwa kuliko zote, na hiyo ndiyo iliyonukuliwa kuliko zote, kwa kuwa kila anayeandika juu ya jambo hili lazima aanze kwa kusema si kweli. Akajibu kwamba atapokea kwa furaha kwa kazi yoyote kati ya nyingine nane. Ofisi ikajibu kwamba fomu ina nafasi moja na mfumo ndio unaoijaza. Mkuu alikwenda huko mara nne. Mara ya mwisho alirudi na tai mkononi.

Alimwita Bi Kadi ofisini akamsihi. Alimwambia watu humu ndani wote wanajua ukweli, ni jina tu la kwenye karatasi, nani atadhurika? Mlango ulikuwa wazi, safari hii sikuhitaji kitasa.

"Mwanangu," Bi Kadi akamwambia, "wewe alama zako mbili nilikupa kwa sababu jibu lilikuwa kweli. Usinipe mimi kwa jibu la uongo."

Ndiyo maana kwenye jalada la karatasi hii pameandikwa Mwalimu. Mchapaji hajakosea.

Ombi lake lilikuwa moja, kwamba orodha ya kazi zake zote tisa ichapishwe nyuma ya karatasi hii na isifichwe hata moja. Mtaikuta. Ile ya vizibo imekatwa mstari mwekundu. Mashine yetu ya fotokopi haitoi rangi, kwa hiyo tangu Jumatatu amekaa humo chumbani na rula na kalamu nyekundu, akipiga mstari huo kwa mkono kwenye nakala zote mia tatu na ishirini. Nilimwambia watu wengi hawatageuza hata ukurasa. Akaniambia nimletee rundo jingine. Ikiwa nakala uliyoishika haina mstari, usiitie mfukoni. Mpelekee, kalamu anayo.

Bi Kadi, idara inakushukuru, kantini inakushukuru, na mlango huu unakushukuru. Nenda ukapumzike na fundi saa wako, ukiwa na afya, na siku zako ziwe nyingi na njema.